Guangzhou, mji unaouza pikipiki lakini hauzitaki barabarani

Mgeni kutoka kwetu anayefika Guangzhou kwa mara ya kwanza huweza kukaa siku mbili tatu kabla hajagundua kinachokosekana barabarani. Magari yapo, mabasi yapo, watu wamejaa kama Kariakoo mwisho wa mwezi. Kinachokosekana ni mlio wa pikipiki. Tangu tarehe 1 Januari 2007 pikipiki za petroli zimepigwa marufuku mjini. Zinazopita pembeni yako ni zile ndogo za umeme za vijana wanaopeleka chakula majumbani. Zinakuja nyuma yako kimyakimya kama paka, na usipoangalia zinakukumba.

Lakini ni mji huu huu unaotuvalisha, unaotuuzia simu, na unaotuuzia pikipiki. Kiwanda cha Wuyang-Honda kipo hapa Guangzhou tangu 1992. Haojue wako Jiangmen, mji wa jirani katika jimbo hili hili la Guangdong. Kitovu cha pikipiki cha China kiko mbali, Chongqing, lakini hata vipuri vya huko utavikuta kwa wauzaji wa Guangzhou vikisubiri kontena za Dar es Salaam na Mombasa. Unaweza kusimama kwenye duka lenye sanduku elfu za plagi, halafu ukatoka nje usione hata pikipiki moja ya kuiwekea.

Nilisoma shahada yangu ya uuguzi hapa, baada ya diploma ya nyumbani, na sasa nafanya kazi Muscat. Mwezi wa nne nilichukua likizo nikamsindikiza mama mdogo, ambaye ni mfanyabiashara wa vyombo vya jikoni na huja kwenye Maonyesho ya Canton. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya vuli, kule Pazhou kando ya Mto Zhujiang. Kazi yangu ilikuwa kubeba mikoba na kutafsiri. Kichina changu ni cha hosteli na sokoni, lakini kinatosha kupunguza bei.

Tulifikia Xiaobei, kama wengi wetu. Kwa ambao hamjafika: unashuka treni ya chini ya ardhi, laini namba 5, na ukitokeza juu unasalimiwa kwa Kiswahili kabla hujasalimiwa kwa Kichina. Jengo la Tianxiu lipo palepale, na kago wapo palepale, wanapima mizigo na kuandika majina kwa kalamu nene. Waafrika si wengi kama nilivyowaacha miaka ya masomo. Tangu mwaka 2020 wengi walioondoka hawakurudi. Mama mdogo anasema afadhali, bei zimetulia. Mimi nilipakumbuka palivyokuwa na kelele.

Siku ya nne mdogo wangu alinitafuta kutoka Kilosa. (Wanafunzi mnaokwenda China mnajua shida ya WhatsApp kule, mimi nilitumia laini yangu ya Oman.)

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona sauti imekaa hivyo?"

Pikipiki ilikuwa haijawaka kwa wiki tatu. Ni ya Kichina, cc 125, ya zamani, aliyoimaliza kwa mkataba: miaka miwili akipeleka hesabu ya kila siku kwa mwenyewe mpaka kadi ikaja mkononi mwake. Ndiyo inayolisha mke na watoto wawili. Sasa ukipiga kiki inalipuka kama bunduki, mara moja, mara mbili, halafu kimya. Alishanunua plagi mpya, kabureta mpya, koili mpya na ile CDI inayoamrisha moto wa plagi. Bado. Fundi akamwambia injini imekwisha, atafute nyingine, shilingi laki nane. Jumamosi angekwenda kuchukua mkopo wa kausha damu na kuacha kadi ya pikipiki kama dhamana.

"Dada, si uko China? Si ndiko zinakotoka injini?"

Ndiyo swali ambalo kila aliye ughaibuni huulizwa kwa namna yake. Mama mdogo alishaanza kuuliza bei ya kago kwa kilo. Mimi nikamwambia tungoje. Kwenye mapokezi ya dharura mgonjwa akiletwa na ndugu wanaosema "huyu ana malaria", tunawashukuru ndugu, halafu tunampima. Injini ya Kilosa ilikuwa haijapimwa na mtu yeyote. Ilikuwa imebadilishwa vitu tu.

Kesho yake tulikwenda kwenye soko la vipuri, kaskazini-magharibi mwa mji, nusu ya safari kwa treni na nusu kwa teksi. Mvua ya Aprili ya Guangzhou haina adabu, inakunyeshea huku jasho linakutoka. Maduka yamepangwa kwa viungo: mtaa wa taa, mtaa wa viti, mtaa wa minyororo. Niliuliza maduka matatu kuhusu pikipiki inayolipuka na kukataa kuwaka. Yote matatu yalinijibu kwa swali moja, unataka sanduku ngapi? Duka la nne lilikuwa la mzee wa zaidi ya miaka 60, mwenye meza ya chai ya vikombe vidogo mbele ya mlango. Zamani alikuwa fundi wa pikipiki mjini humu humu. Marufuku ilipokuja akafunga gereji, akabaki na kuuza vipuri. Nilimwita shifu, neno ambalo Wachina humwita fundi kwa heshima, naye akanimiminia chai kabla sijasema ninachotaka.

Nilimwonyesha video aliyotuma mdogo wangu. Aliisikiliza mara tatu bila kuitazama, simu ikiwa sikioni. Halafu akauliza: mlipuko unatokea wapi, mbele kwenye kabureta au nyuma kwenye eksozi?

Sikujua. Nikapiga simu Kilosa. Kule ilikuwa asubuhi, sisi tuko mbele kwa saa tano. Jibu: mbele, kwenye kabureta, na kiki yenyewe inarudisha mguu juu kwa nguvu, juzi nusura imvunje kifundo.

Swali hilo moja ndilo nililoona linafaa kuandikwa hapa, kwa sababu kila nyumba ina pikipiki siku hizi. Moto ukilipuka kwenye eksozi, mara nyingi ni petroli iliyotoka bila kuungua ikaenda kuwakia kwenye bomba: plagi inakosa moto mara nyingine, au moto unachelewa, au valvu ya kutolea moshi haifungi vizuri. Ukilipuka kwenye kabureta, ama hewa imezidi petroli, pengine mpira wa kabureta umepasuka, ama valvu ya kuingizia haifungi, ama plagi inawaka mapema mno, pistoni bado haijafika mahali pake. Na kiki inayorudisha mguu inaelekeza kwenye hilo la mwisho. Moto unaisukuma pistoni chini wakati wewe unaipandisha juu.

Shifu akaeleza kwa kidole kwenye meza iliyomwagika chai. Injini ile asili yake ni Honda CG125, ambayo Wajapani waliitoa mwaka 1976 wakizifikiria nchi kama zetu, za vumbi na oili inayobadilishwa ikikumbukwa. Haina cheni ndefu ya kuendesha valvu, ina fito mbili za kusukuma tu. Viwanda vya China viliiga mpaka ikawa injini ya bodaboda za nusu ya dunia. Ni ngumu kufa, alisema. Mtu akisema imekufa, mwulize nani aliifungua mara ya mwisho.

Nikauliza. Mdogo wangu akanyamaza kidogo. Ilikuwa imefunguliwa, ndiyo. Kabla ya ugonjwa kuanza, fundi mmoja wa njiani alitoa magneto, lile gurudumu zito la sumaku upande wa kushoto, kwa sababu stata ilikuwa inakwaruza. Alitoaje? Kwa nyundo.

Mzee alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Magneto inakaa kwenye ncha ya krenki. Kati yao kuna kichuma kidogo chenye umbo la nusu mwezi, mafundi wa kwetu wanakiita kii, kazi yake ni kuhakikisha magneto inakaa mahali pamoja tu. Kwa kuwa magneto ndiyo inayotoa ishara ya lini plagi iwake, kii ikikatika na magneto ikajizungusha hata kidogo, moto unakuwepo, mzuri, wa bluu, lakini kwa wakati usio wake. Ndiyo maana plagi mpya haikusaidia, wala koili. Kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa saa.

Lakini shifu hakutaka niondoke na jibu hilo. Alisema ni dhana tu, wapime. Tukatoa maagizo kwa simu, mimi nikitafsiri, fundi mwingine wa Kilosa, kijana mtulivu, akiwa kwenye spika. Kwanza plagi itolewe, igusishwe kwenye bodi, kiki ipigwe, uonekane moto. Hili lifanyike kabla ya kugusa petroli, na pikipiki iwe nje. (Hapo naongeza sauti ya kazini kwangu. Nimefunga vidonda vya moto vya watu waliopima plagi huku chupa ya petroli iko wazi miguuni. Msifanye hivyo.) Moto ulikuwepo. Kisha kidole gumba kwenye tundu la plagi, kiki ipigwe, kidole kisukumwe. Kilisukumwa, maana yake pistoni na valvu zinashika pumzi, na injini haikuwa imekwisha. Kisha petroli ya kabureta imiminwe kwenye chupa safi na kuachwa itulie. Maji hukaa chini, yanaonekana. Hayakuwepo. Kwa wanaokumbuka, kulikuwa na wakati petroli ya kwetu ilichanganywa na mafuta ya taa hovyo, mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kulaumu kituo cha mafuta.

Mwisho ndio ulikuwa wenyewe. Bisibisi ndefu iingizwe taratibu kwenye tundu la plagi, krenki izungushwe kwa mkono mpaka pistoni ifike juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii kuna kofia mbili za kufungua kwenye kifuniko cha kushoto, moja ya kuzungushia krenki, nyingine ya kuchungulia. Pistoni ikiwa juu, herufi T iliyochongwa kwenye magneto lazima ikae sawa na alama ya kifuniko.

Tulingoja. Shifu alihudumia mteja wa Nigeria aliyenunua klachi sanduku 40. Mama mdogo alisinzia. Kisha sauti ikaja kutoka Kilosa: "Dada, hiyo T haipo hata karibu."

Walipofungua, kii ilikuwa imekatika vipande viwili, kimoja kimebaki kwenye krenki. Nilitaka kununua papo hapo, tena sanduku zima. Mzee akatikisa kichwa. Kichuma kama hicho, alisema, hakuna duka la vipuri duniani linalouza pikipiki hizi likakikosa. Alikuwa sahihi. Mdogo wangu alimwagiza dereva wa basi, kikaletwa kutoka Morogoro mjini siku hiyo hiyo, kwa bei isiyofika nauli ya abiria.

Alichoniuzia shifu ni kitu kingine: pula ya magneto, chuma cha kukazwa kwa spana ambacho huvuta gurudumu litoke bila kugongwa. Akanieleza pia kwamba kii yenyewe si ya kubeba nguvu. Kinachoishika magneto ni ncha ya krenki iliyochongwa nyembamba kwenda mbele na nati iliyokazwa sawasawa. Nyuso hizo zipanguswe oili yote kabla ya kurudisha, zisiwe na makovu ya nyundo, na nati ikazwe kweli, vinginevyo kii mpya itakatika kama ya kwanza. Kijana wa Kilosa alisafisha kwa msasa laini, akarudisha, akakaza. Ijumaa jioni kwao, kwangu usiku wa manane, niliamshwa na sauti ya injini kwenye simu. Hakuna aliyesema neno, waliniwekea mlio tu.

Jumamosi hakwenda kwa wakopeshaji. Kadi ipo kabatini. Siwezi kusema pikipiki imekuwa mpya: inavuta moshi kidogo asubuhi na tapeti zinalia. Vile vipuri alivyonunua bure, kabureta na koili, ameviweka, na ameshamuuzia jirani CDI.

Nimekuwa nikilifikiria soko lile. Xiaobei kila siku wanafungasha injini nzima kwa ajili ya binamu na shemeji ambao hakuna aliyewauliza mlio unatokea mbele au nyuma. Sisi tulio nje tunaulizwa pesa, nasi tunajibu kwa pesa, kwa sababu pesa inatumwa kwa dakika mbili na maswali yanachukua asubuhi nzima. Ile asubuhi ya vikombe vya chai haikunigharimu chochote zaidi ya teksi.

Pula ilikwenda na mzigo wa mama mdogo, ndani ya sufuria. Ilipofika Kilosa ilikaa kwa mdogo wangu wiki moja tu. Sasa iko kwa yule fundi kijana, anaikodisha kwa mafundi wengine wa stendi, na wiki iliyopita alinitumia salamu na ombi: kama nitarudi tena Guangzhou, anahitaji geji ya kupimia tapeti.