Bibi, Kidonge Kimoja Kinatosha

Wagonjwa wa saratani ya ovari wanaofika kwenye dirisha langu la dawa wameshaizoea dripu. Wamekaa kwenye viti vya kemo, karboplatini na paklitakseli zikidondoka, nywele zimepukutika, vidole vimekufa ganzi. Daktari akimwandikia mmoja wao letrozoli, kidonge kimoja cha miligramu 2.5 kwa siku, mama wa watu ananitazama kana kwamba nimempunja.

Bibi mmoja wa Ukerewe alikigeuzageuza kidonge kiganjani. "Mwanangu, hii ni dawa ya kansa au ya maumivu?" Nikamjibu kuwa ni ya kansa. Akaniuliza la pili, na hilo ndilo lililonifurahisha: "Si walishanitoa kizazi na mayai yote? Hizo homoni mnazozifukuza zinatoka wapi tena?"

Mimi ni mfamasia wa saratani hapa Mwanza, na naamini anayeuliza hivyo anastahili jibu kamili. "Meza tu bibi" si jibu. Estrojeni haitengenezwi na ovari peke yake. Hata ovari zikitolewa, tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa malighafi yake, na kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kilichomo kwenye mafuta ya mwili, kwenye misuli na wakati mwingine ndani ya uvimbe wenyewe, huigeuza kuwa estrojeni. Ni kiasi kidogo, lakini seli ya saratani inayoitegemea homoni hiyo huweza kutosheka nacho. Letrozoli hukizuia kimeng'enya hicho. Tamoksifeni hupita njia nyingine: hukikalia kipokezi cha estrojeni ndani ya seli, homoni ikija ikute nafasi imeshachukuliwa.

Kinachofuata kinastahili kuelezwa polepole. Estrojeni ikishikana na kipokezi chake, huamsha jeni za kuigawanya seli, na pamoja nazo jeni ya protini inayoitwa BCL2, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isife. Homoni ikikosekana, kinga hiyo hupungua. Utando wa mitokondria hutoboka, saitokromu huvuja, na vimeng'enya vinavyoitwa kaspasi, ambavyo muda wote vilikuwemo vimelala, huamka na kuanza kuzikata protini za seli kutoka ndani. DNA hukatwakatwa, seli husinyaa na kuvunjika vipandevipande, na seli za jirani huvimeza vipande hivyo. Hakuna usaha wala kidonda. Kerr, Wyllie na Currie walikipa kifo cha namna hii jina la apoptosisi mwaka 1972, na si kitu kigeni mwilini: mtoto akiwa tumboni hupata vidole vilivyoachana kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zimekufa hivyo hivyo.

Lakini si kila seli hufa. Nyingi husimama tu, zikaacha kugawanyika, ndiyo maana picha ya ultrasaundi baada ya miezi mitatu inaweza kuonyesha uvimbe uleule, ukubwa uleule. Ndugu wa mgonjwa huona dawa imeshindwa. Mimi huona uvimbe ambao haujakua, na kwa saratani iliyorudi hiyo ni faida kubwa.

Sitaki kumdanganya mtu. Aina iliyo ya kawaida zaidi ya saratani ya ovari, ile inayokimbia, huitikia dawa hizi kwa shida. Tafiti za tamoksifeni zikijumlishwa, uvimbe uliorudi ulipungua kwa takribani mgonjwa mmoja kati ya 10, na kwa karibu theluthi ukasimama. Nafuu kubwa zaidi huonekana kwa aina inayokua taratibu, na kuna nafasi pia kwa uvimbe wa seli za granulosa, ambao mara nyingi hutengeneza estrojeni wenyewe hadi bibi aliyekoma hedhi zamani akaanza kuona damu tena. (Damu ya namna hiyo isinyamaziwe, hata ikiwa tone moja.) Kwa hiyo majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikapimwe yana thamani kuliko wengi wanavyodhani. Karatasi inayotaja aina ya saratani na hali ya vipokezi ndiyo humwongoza daktari, nami humwomba kila mgonjwa aitunze kama hati ya shamba.

Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, inapokea rufaa za Kanda ya Ziwa yote. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wanaotoka Sengerema na Geita hawangoji tena kivuko pale, ila wa visiwani bado wanapanga safari kwa ratiba ya meli. Nawaeleza kwamba letrozoli hutoka mwilini polepole, nusu yake ikichukua takribani siku 2, hivyo kusahau siku moja hakuharibu tiba. Wasimeze viwili kufidia. Kukaa majuma bila dawa ndiko kunakoirudisha estrojeni, na mara nyingi anayeacha huwa ameacha kwa sababu magoti yanauma, au joto linampanda usiku, au jirani amemwambia dawa ya kweli lazima imwangushe mtu kitandani.

Ombi langu ni kwa wenzangu wa zahanati za visiwani. Mama mwenye letrozoli akija analalamika viungo, msimwachishe. Mpeni parasetamoli, mhimizeni atembee, mtupigie simu tushauriane, na mkumbuke kuwa mifupa yake inaweza kudhoofika, akianguka achunguzwe vizuri. Wa tamoksifeni akivimba mguu mmoja, au akibanwa pumzi ghafla, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda: asiambiwe arudi kesho, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.