Molekuli Haziulizi Kitambulisho cha Chuo

Tangu niache chuo kwa sababu ya karo, watu huku Voi wameamua kwa niaba yangu kwamba mimi na sayansi tumeachana. Nikiposti video ya kemia, lazima mtu aulize, "Kwani ulimaliza?" Tutafika hapo. Kwanza tuongee gesi.

Fomu tatu tulifunzwa Boyle na Charles. Kwenye hizo hesabu, molekuli za gesi ni kama abiria wasiojuana pale stesheni ya SGR: zinagongana, zinapita, hakuna inayovutiwa na nyingine. Hesabu inakuwa rahisi. Lakini kama ingekuwa hivyo kweli, mvuke haungegeuka maji hata upoe vipi. Na ule mtungi wa gesi jikoni, ukiutikisa, haungesikia kitu kikicheza ndani.

Angalia Milima ya Taita. Upepo wa Bahari Hindi unapita kwetu Voi, mita 600 hivi juu ya bahari, ukiwa na mvuke ambao huuoni. Ukifika milimani lazima upande; kilele cha Vuria kiko mita 2,208. Huko juu shinikizo la hewa ni dogo, kwa hivyo hewa inatanuka na kupoa. Molekuli za maji zinapunguza mwendo, na ile nguvu ya kuvutana, ambayo zilikuwa nayo tangu Voi, sasa inatosha kuzishika. Zinajikusanya kwenye vijichembe vya vumbi, zinakuwa matone. Huo ndio ukungu unaokupokea Wundanyi ukishuka matatu na tishati yako ya Voi.

Aliyeingiza mvutano huo kwenye hesabu za gesi ni Johannes van der Waals, Mholanzi, mtoto wa seremala, mwalimu wa shule ya msingi. Mitihani ya chuo kikuu alizuiwa kwa sababu hakuwa amesoma Kilatini na Kigiriki. Akaendelea kusoma tu, hadi sharti hilo likalegezwa. 1873 akatoa tasnifu yake. 1910 akapewa Nobel ya fizikia.

Sisemi muache shule, wasee. Yeye mwenyewe alirudi, na mimi nikipata karo narudi. Nasema tu kwamba kufungiwa mlango wa mtihani si kufungiwa kujua.

Kwa hivyo, kama nilimaliza? Bado.