Kula Kiasia Runzewe kwa buku mbili

Nina rafiki yangu Dar, mwandishi mwenzangu, ambaye ana mchezo wake wa kila mwisho wa mwezi. Yeye na wenzake ofisini wanachagua mgahawa mmoja wa Kihindi, Kichina au Kithai, sharti bei isizidi elfu kumi na tano kwa kichwa, wanakula, halafu ananitumia picha. Kisutu, Upanga, Kariakoo, kote wameshazunguka. Juzi kanitumia sahani ya dosa na chini yake kaandika: "Vipi huko Runzewe, wapishi wa Kiasia wapo au mnatafuna michembe tu?"

Jamani! Michembe ni chakula, tena ukiipata na karanga usimkaribishe mtu. Lakini swali lake lilinikaa kichwani, nikaamua wiki nzima nitafute chakula cha Kiasia hapa hapa kwetu, na bajeti yangu iwe buku mbili kwa mlo. Mfuko wa mwandishi wa mikoani mnaujua wenyewe.

Kwa wadau wasioijua, Runzewe iko wilaya ya Bukombe, wengine mnaijua kwa jina la Uyovu. Tulikuwa mkoa wa Shinyanga hadi 2012 mkoa wa Geita ulipozaliwa. Barabara kuu ikitoka Kahama inapita Ushirombo, inatukuta sisi, halafu inakwenda Lusahunga na kutokea Rwanda na Burundi. Kwa hiyo wateja wa chakula hapa ni wa aina mbili: madereva wa malori wenye haraka, na wachimbaji wadogo wenye njaa. Mabango ya hoteli yapo mengi, yameandikwa nyama choma, supu, samaki, kitimoto. Lenye neno India au China, hakuna hata moja.

Siku ya kwanza, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikaanzia kwa mama wa chapati karibu na barabara. Ni Muha wa Kasulu, yuko hapa miaka mingi. Unga anaukanda na maji ya moto, chumvi, mafuta kidogo, anausukuma, anaupaka mafuta tena, anaukunja kama konokono, anauacha upumzike, anausukuma upya. Ndiyo maana chapati yake ukiivuta inaachana tabaka tabaka. Nikamwambia, "Mama, unajua hiki chakula ni cha Wahindi?" Akanitazama kama mtu aliyelala vibaya. "Mwanangu, Wahindi gani? Mimi hii nimefundishwa na mama mkwe."

Na wala hakudanganya. Neno chapati ni la Kihindi kweli, lakini kule jina hilo hupewa mkate mkavu unaochomwa bila mafuta. Hii yetu ya tabaka na mafuta, Mhindi akiiona ataiita paratha. Sisi tumechukua jina la ndugu mmoja tukampa ndugu mwingine, na maisha yakaendelea.

Chai je? Hiyo ni ya Kichina, jani na jina vyote. Waliolipata jani hilo kwa njia ya nchi kavu walichukua na neno "cha", likapita Uajemi na India mpaka likawa chai. Waholanzi waliolichukua kwa meli kutoka pwani ya Fujian wakasikia "te", na Waingereza wakaendelea nalo hilo. Kuchemsha majani pamoja na maziwa, sukari na tangawizi ni ufundi tulioupata kutoka India. Siku hizi majani yenyewe yanatoka Mufindi, Rungwe na Usambara. Chapati moja mia tano, chai ya maziwa mia tano. Buku! Rafiki yangu wa Dar hapo hata soda hajanunua.

Mchana nikahamia kwa mama ntilie nyuma ya soko. Wali, maharage, chainizi, kachumbari pembeni, buku mbili kamili. Hebu itazameni hiyo sahani taratibu. Mpunga tunaolima huku, huu wa Kahama unaosifiwa mpaka ng'ambo ya mipaka, ni wa jamii ya Asia. Afrika Magharibi walikuwa na mpunga wao wa asili, lakini si huu. Kachumbari ni neno la Kihindi. Na chainizi, hiyo mboga ya majani anayoipika kila mama kuanzia Tunduma mpaka Tarime, tumeiita Mchina waziwazi na hakuna anayeshtuka. Yaani nilizunguka mji natafuta mgahawa wa Kichina kumbe Mchina yuko kwenye sahani anasubiri chumvi.

Maharage nayo ni ya Amerika, pamoja na nyanya ya kachumbari, mahindi ya ugali, mihogo, hata viazi vitamu vya ile michembe tuliyotukanwa nayo. Kuku ametoka Asia ya Kusini Mashariki, ndizi vilevile. Ukitaka kuwa mzalendo wa kweli mezani ule mtama, ulezi, uwele na kunde, na ukitaka sifa zaidi usiweke pilipili.

Ijumaa ndiyo siku ya pilau. Kuna nyumba moja wanapika sufuria moja tu, ikiisha imeisha, na saa saba mchana hupati hata ukoko. Neno pilau lina asili ya Uajemi, lakini safari ya hicho kipakiti cha bizari ni ndefu kuliko ya lori lolote linalopita hapa. Pilipili manga asili yake ni Malabar, kusini mwa India, na sisi tukaiita kwa jina la walioileta, maana Manga ni jina la zamani la Uarabuni. Mdalasini, Sri Lanka. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, zikafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, zikalimwa na watumwa, na baadaye Unguja na Pemba zikawa ndizo zinazoilisha dunia karafuu. Nililipa buku mbili na mia tano, nikawa nimevunja bajeti, sijuti.

Jioni stendi ni zamu ya sambusa, bajia na kachori. Hapa nilicheka peke yangu. Muulize Mhindi wa Gujarat akupe kachori, atakupa kitu cha unga kilichojazwa dengu ndani. Kachori yetu ni kiazi kilichopondwa, kikafanywa duara, kikachovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa. Kwao hicho kina jina jingine kabisa. Bajia ndivyo hivyo hivyo: kwao ni mboga iliyochovywa kwenye unga wa dengu, kwetu ni kunde au dengu zilizosagwa. Na ile chatne ya ukwaju wanayomwagia juu ndiyo imenimaliza. Dunia nzima inauita ukwaju kwa jina lililotokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya tende ya India, wakati mti wenyewe asili yake ni Afrika.

Sasa, mbona chakula kipo na wenyewe hawapo?

Wazee wa Usukuma na Usumbwa wanaweza kukusimulia kuhusu duka la Mhindi. Lilikuwepo karibu kila penye soko na pamba. Aliuza chumvi, kaniki na mafuta ya taa, alinunua mazao, alikopesha na kuandika daftari. Na mizani ilikuwa yake. Hiyo mizani ndiyo iliyotibua mambo. Wakulima wa pamba walichoka kupunjwa, na kuanzia 1952 Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vyao wenyewe vya kupimia na kuuza pamba. Mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chombo kikubwa sana kwa wakati ule. Halafu ikaja Aprili 1971, serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi laki moja. Wengi wa wenye majengo hayo walikuwa Waasia, na wengi wakafungasha kwenda Uingereza na Kanada. Waliobaki wengi walibaki kwenye miji mikubwa.

Mimi sisemi wakulima walikosea kuhusu mizani. Kilo iliyoibwa ni kilo iliyoibwa. Ninachosema ni kwamba neno "gabacholi" tunalitamka kwa wepesi mno tukiwa tumeshika chapati mkononi. Mtu ambaye babu yake wa tatu kazikwa Tabora bado tunamuuliza kwao wapi. Na sasa zamu imehamia kwa Wachina. Mwaka jana nikiwa Katoro sokoni nilimwona kijana wa Kichina ananunua mboga, watoto wakamzunguka wakimwigizia lugha yake, watu wazima tukacheka. Alikuwa ananunua chainizi! Alilipa, akasema "asante sana" kwa sauti ndogo, akaondoka. Ninaandika habari za mgogoro wa leseni za madini kila mara, najua wapo wageni wanaochimba bila kibali na wenyeji wanaowauzia mgongo wao. Hayo yaandikwe. Ila yule kijana na mfuko wake wa mboga hakuwa na leseni ya mtu mfukoni.

Turudi kwenye bei, maana ndiyo ilikuwa shindano. Mnakumbuka 2022 chapati zilivyopungua upana mpaka watu wakawa wanazishika juu ya taa wanatazama upande wa pili? Mama wa chapati alinieleza vizuri kuliko mchumi yeyote niliyewahi kumhoji. Februari mwaka ule Urusi ikaivamia Ukraine, na ngano yetu sehemu kubwa ni ya kuagiza nje. Mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia mafuta ya mawese yasitoke nchini mwake, mpaka Mei 23. "Mimi Indonesia siijui," akasema, "nilichojua ni dumu." Dumu la lita ishirini lilipanda akashindwa kulinunua zima, akawa ananunua kwa lita. Kupandisha bei hakuweza, mchimbaji ana mia tatu yake anataka chapati ya mia tatu. Akapunguza tonge. "Nilikuwa naona aibu kuwapa," akasema, "mtu anatoka kwenye duara usiku kucha unampa kitu kama leso."

Upande wa pili wa hiyo safari tupo sisi wenyewe. Dengu za Shinyanga na choroko zinakwenda India. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo kwa mbaazi zinazoingia kwao, bei ilianguka mpaka wakulima wa Mtwara na Lindi wakabaki na magunia ndani. Mtu wa Mumbai akiamua kula kidogo, mkulima wa Tanzania anarudisha mtoto nyumbani kwa ada. Kwa hiyo ukiniuliza kama Runzewe kuna Asia, mimi nakuuliza unataka ya kula au ya kukupangia bei.

Rafiki yangu nimemtumia picha saba. Jumla ya wiki nzima, milo mikuu pamoja na vitafunwa, haikufika elfu thelathini na tano. Kanijibu kwamba pilau siyo mgahawa. Tutaelewana tu.

Kitu kimoja sikumtumia. Mama wa chapati ana daftari la shule, jalada limechanika, na wachimbaji wanakula kwa mkopo mpaka duara liteme. Kila mtu ana ukurasa wake. Aliponiruhusu kulipekua nikakuta ukurasa wa kijana mmoja: chapati 2, chai. Chapati 2, chai. Chapati 3, chai. Jumla elfu kumi na nne na mia tano, na siku ya mwisho ni ya miezi minane iliyopita. Wenzake walisema amefuata rashi mpya upande wa pori. Wengine hawasemi kitu.

"Mama, huyu mbona hujamfuta?"

"Nimfuteje? Akirudi nitajuaje anadaiwa ngapi?" Akalichukua daftari mkononi mwangu, akalifunga, akalirudisha chini ya beseni la unga. "Haya, unakula au unaandika? Kuna watu wamesimama."