Faili la Mgonjwa, Sekei na Leicester

Katika Sekei, mtaa niliozaliwa chini ya Mlima Meru, mtu akifariki baada ya kupasuliwa, au mama akirudi mikono mitupu kutoka chumba cha kujifungulia, majirani hukusanyika kwa huruma kubwa, wakapika, wakafagia ua, wakalala na wafiwa, na katika yote yatakayosemwa siku hizo hakuna litakalorudiwa mara nyingi kuliko hili, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nami nayaamini maneno hayo. Walakini kazi ya Mola ni moja na kazi ya tabibu ni nyingine, na kumtwika Muumba uzembe wa mja wake ni kumdhulumu marehemu na watoto aliowaacha, ambao sheria ya nchi imewawekea mlango wa kudai haki yao.

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni hudhani kwamba Uingereza ina sheria ya ajabu ambayo sisi tumenyimwa. Sivyo. Tanzania ilizipokea kanuni za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu zilizotolewa huko baadaye, ijapokuwa hazizifungi mahakama zetu, husomwa na mawakili na majaji wetu kwa staha. Mashuhuri kati ya hizo ni ya shauri la Bolam la mwaka 1957, iliyoamua kwamba daktari hahesabiwi mzembe maadamu ametenda jambo ambalo madaktari wenye ujuzi wa fani yake wangelikubali kuwa sawa. Kwa hiyo matokeo mabaya peke yake si hoja, kwani mgonjwa aweza kufa mikononi mwa tabibu hodari aliyetimiza kila lililompasa. Mdai hana budi kuthibitisha kwamba daktari aliwajibika kwake, kwamba alipungua chini ya kiwango cha fani yake, na kwamba upungufu huo ndio uliozaa madhara. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Montgomery, mama mwenye kisukari ambaye hakuelezwa hatari ya kuzaa kwa njia ya kawaida na mtoto wake akapata ulemavu, ilitamka kwamba mgonjwa ana haki ya kuambiwa kila hatari ambayo mtu wa hali yake angeiona kuwa na uzito.

Tofauti, basi, haimo sana katika sheria. Imo katika karatasi. Tangu mwaka 2014 hospitali za umma za England zinalazimika kumweleza mgonjwa, au jamaa zake, pindi anapopata madhara makubwa katika matibabu, na kumwomba radhi kwa maandishi. Barua ya namna hiyo nimeiona mezani kwa jirani yangu hapa Leicester: kurasa mbili, saa iliyotajwa, dawa iliyotajwa, kipimo kilichozidi, na radhi iliyoombwa mapema kabla ya maelezo yoyote. Mgonjwa akitaka faili lake hupewa nakala kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja, bila malipo, na fidia ikiamuliwa hulipwa na chombo cha Serikali kiitwacho NHS Resolution, hata daktari na mgonjwa wasilazimike kugombania mfuko wa mmoja wao. Sisemi kwamba huku ni peponi. Yapo mashauri yanayokokotwa miaka na miaka, na wadai wengine huchoka njiani. Lakini anayechoka, huchoka akiwa na faili mkononi.

Shangazi yangu wa Sekei alipompeleka mumewe kupasuliwa, katika hospitali nisiyopenda kuitaja, aliitwa koridoni akapewa fomu ya ridhaa na kalamu, akaonyeshwa kwa kidole mahali pa kutia sahihi, akatia, na fomu ikarudishwa kwenye faili bila kusomewa hata mstari mmoja. Mumewe hakuamka. Nilipompigia simu, baada ya pole na dua, nikamwuliza kama ameomba nakala ya faili, alinijibu kwa utulivu, "Mwanangu, nikimshitaki daktari leo, kesho nikiumwa nitakwenda wapi?"

Swali hilo nimelichukua kwa uzito wote, kwa sababu ndilo linalowafunga watu vinywa kuliko ujinga wa sheria. Leicester mtu aweza kulalamikia hospitali moja akatibiwa katika nyingine. Sekei hospitali ya rufaa ni moja, mabingwa ni wachache, na daktari yule yule aghalabu ni jirani, husali kanisa moja nasi na hutoa mchango wa harusi zetu. Hapo kunyamaza huonekana kuwa ni busara, na ilhali watu wamenyamaza, muda unakwenda. Sheria ya Ukomo wa Muda humpa mwenye madai ya namna hii miaka mitatu tu. Hospitali ikiwa ya Serikali, hana budi kwanza kutoa ilani ya siku zisizopungua 90, ndipo afungue shauri Mahakama Kuu na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Arobaini ikipita, na mirathi ikagombaniwa, na ada za shule zikatafutwa, miaka hiyo mitatu huwa imekwisha bila mtu kuihesabu.

Asiyetaka mahakama anaweza kupeleka malalamiko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2017, au kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga ikiwa aliyekosa ni muuguzi. Mabaraza haya huweza kumwadhibu mwenye taaluma hata kumfuta katika daftari, ila fidia huamriwa na mahakama. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anayo Sheria ya Msaada wa Kisheria, nayo ni ya mwaka 2017, na tangu 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili.

Wapo wanaosema kwamba kudai fidia ni anasa ya nchi tajiri. Siafikiani nao, kwani wanachodai wafiwa ni uangalifu, na uangalifu hauhitaji utajiri. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa: aliyeumwa goti akapasuliwa kichwa, na aliyeumwa kichwa akapasuliwa goti, na huyu wa pili akafariki baadaye. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali ya Ifakara, katika nchi hiyo hiyo, ilikuwa miongoni mwa nane duniani, pamoja na moja ya London, zilizoijaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo huwataka wote waliomo chumbani, kabla ya kisu kugusa ngozi, watamke kwa sauti jina la mgonjwa, upasuaji wenyewe na mahali pa kupasuliwa. Katika hospitali hizo nane vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Dawa ya kosa la Muhimbili, kumbe, ilikuwa ikijaribiwa kwetu wenyewe, na gharama yake ni karatasi moja na dakika chache za subira.

Katika kuthibitisha uzembe, gumu kuliko yote ni uchunguzi wa maiti. Wafiwa wanataka kuzika upesi, Mwislamu kwa amri ya dini yake, wengine kwa desturi, nami siwalaumu. Lakini pasipo uchunguzi huo sababu ya kifo hubaki dhana, na dhana haisimami mbele ya jaji. Shangazi alizika bila huo. Lililobaki ni karatasi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewapa watu haki ya kuziona taarifa zao. Tuliandika barua kwa Kiswahili, tukaomba nakala ya fomu ya ridhaa, karatasi ya dawa ya usingizi, maelezo ya wauguzi wa zamu ya usiku, na jina la aliyepasua. Shangazi ameipeleka mwenyewe masjala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala yenye muhuri huo anayo yeye.