Riruta Isiyo na Bahari: Mahali pa Wazi ni Amana



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutandikia ardhi, akatutiririshia mito na kututiishia bahari. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, wiki hii tunawatoa pwani na kuwapeleka Riruta, magharibi ya jiji la Nairobi. Huko hakuna bahari wala ngalawa, na mwezi wa Julai baridi yake humlaza mtu wa Mombasa kwa mablanketi mawili. Tumeizuru kwa kuwa vijana wetu wengi wamehamia huko kwa ajili ya kazi na masomo. Wameoa na kuolewa, na sasa wanalea. Swali tulilolikuta katika nyumba zao lilikuwa moja: mtoto acheze wapi, na mama apunge upepo wapi? Kwa aliye na ufuo karibu na mlango wake, swali hilo ni dogo. Kwa asiye nao, ni swali la afya, la stara na la malezi.

NYUMBA ISIYO NA UA

Anayetoka mjini kwa matatu ya namba 46 hupita kwanza mitaa yenye miti mirefu, ambamo bustani zimefichwa nyuma ya kuta na malango. Kisha, kwa mwendo wa dakika chache, kuta hukoma na Kawangware huanza: mapaa ya mabati, mikokoteni ya maji, mitumba iliyotandazwa kandokando ya Barabara ya Naivasha, mahindi ya kuchoma, na umati wa watu. Riruta imeshikana na Kawangware hata mgeni hajui amevuka lini. Familia nyingi hukaa katika ploti, yaani safu mbili za vyumba zinazotazamana, na kati yake pana ujia mwembamba ambao ndio mahali pa kufulia, pa kuanikia na pa kupitia. Chumba ni futi kumi kwa kumi.

Na tukumbuke jinsi wazee wetu walivyojenga. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na baraza mbele kwa ajili ya wageni na wapita njia, na ua nyuma kwa ajili ya wenyewe. Mama aliweza kukaa uani bila buibui, akaota jua, akachambua mchele, akazungumza na jirani zake huku watoto wakicheza machoni pake. Stara na hewa vilikwenda pamoja. Katika ploti mama anayetaka stara hufunga mlango, na akiufunga mlango amefunga na hewa. Mama mmoja mwenyeji wa Kisauni, mwenye watoto watatu, alitueleza hivi: "Sheikh, hapa mtoto akivuka kizingiti yuko barabarani. Nikimzuia ndani, analia yeye. Nikimtoa, roho inanitoka mimi."

Si kwamba hapana uwanja kabisa. Uwanja wa mpira upo, na vijana wanaufaidi. Lakini uwanja wa mpira ni wa wachezao mpira. Mama mwenye mtoto mchanga na bibi mwenye mkongojo hawana pao hapo. Iko pia bustani ya miti ya Nairobi, ijulikanayo kwa jina la Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti itakayotoa kuni za garimoshi. Ina hekta 30 hivi za vivuli, nyasi na nyani wadogo wanaowachekesha watoto. Hata hivyo, kutoka Riruta kwenda huko kuna nauli ya kila kichwa, kwenda na kurudi, na kuna kiingilio langoni. Baba wa familia ya watu watano hupiga hesabu yake Jumamosi jioni, na Jumapili wakabaki nyumbani. Mahali huandikwa kuwa pa umma, lakini njia ya kupafikia ndiyo inayoonyesha umma huo ni nani.

MSITU ULIOITWA KIBRA

Kusini-mashariki ya Riruta, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, iko Kibera. Jina lenyewe ni ushahidi. Wanubi, askari Waislamu wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, walipewa makazi hapo tangu mwaka 1904, nao kwa lugha yao wakapaita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi, zaidi ya ekari 4,000. Mwaka 2017, baada ya karne nzima ya kudai, jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Baina ya tarakimu hizo mbili msitu umekwisha kwa reli, kwa mitaa ya nyumba za kisasa na kwa mabanda. Bandu bandu huisha gogo. Hata Msitu wa Barabara ya Ngong ulio jirani, uliohifadhiwa kisheria mwaka 1932, umebakiwa na chini ya nusu ya eneo lake la kwanza.

Pembeni mwa Kibera liko Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili kuhifadhi maji ya kunywa. Zamani mashua za tanga zilishindana juu ya maji yake, na watu walikwenda kukaa ukingoni kama sisi tunavyokwenda Mama Ngina. Leo anayesimama ukingoni huona magugu-maji yaliyofunika uso wa bwawa, na chini ya magugu ni taka. Mto unaoliingia hupita kwanza katikati ya makazi yasiyo na mabomba ya maji machafu. Bwawa hili halikupotea kwa ukuta. Limepotea kwa uchafu, hata asiwepo mtu mwenye haja ya kulifikia.

Lakini hapo hapo Kibera pana jambo la kutia moyo. Shirika la Kounkuey Design Initiative, likishirikiana na vikundi vya wakazi, limetengeneza maeneo ya wazi zaidi ya kumi, mengi kandokando ya mito. Palipokuwa jaa la taka sasa pana pa watoto kuchezea, vyoo, mahali pa kufulia, na banda la mikutano. Wakazi wenyewe ndio wasimamizi, na fedha kidogo zinazotokana na maji na vyoo husaidia kulipia usafi na matengenezo. Mama hufua nguo huku mwanawe akicheza machoni pake. Huo ni ule ua wa bibi zetu, umerudi kwa sura nyingine.

ALIYETOA NA WALIOLINDA

Bustani za Nairobi zilizobaki hazikubaki kwa bahati. Mwaka 1906 A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara Mwislamu wa jamii ya Mabohora aliyezaliwa Karachi, aliwapa watu wa mji huo bustani ya ekari tano hivi katikati ya mji. Ilipofika mwaka 1991, ukazuka mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa. Mjukuu wake, Bi Zarina Patel, alisimama na wenzake kuupinga, na mpango ukafa. Leo vibarua, wahubiri, wanafunzi na wazee hukaa chini ya miti ile bila kuulizwa wanakwenda wapi. Babu alitoa, mjukuu akalinda: hivyo ndivyo sadaka inavyoendelea kutiririka.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1989, Bi Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua kupinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika Uhuru Park. Alitukanwa hadharani, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa na walinzi wa kukodiwa alipokwenda kupanda miti katika Msitu wa Karura, ambao vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi. Msitu ule upo hadi leo, na familia huingia. Akina mama wasomaji wetu wazingatie kuwa waliosimama mbele katika mambo haya walikuwa wanawake, na silaha zao zilikuwa kalamu, miche na subira.

Jambo hili si la Kenya pekee. Mjini Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani, watu weusi walizuiwa kuoga katika fuo za umma zilizolipiwa pia kwa kodi zao. Mwezi wa Mei 1945 kundi dogo liliingia majini katika ufuo wa Haulover, likiwa tayari kukamatwa. Mwezi wa Agosti wakafunguliwa ufuo wao wa kutengwa, Virginia Key. Lakini kwanza haukufikika ila kwa mashua, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1947. Walipewa mchanga kabla ya kupewa njia.

MTO NA UFUO NI KIFUNGU KIMOJA

Sasa turudi kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inataja ardhi ya umma ni ipi. Humo imo mito, maziwa na maji mengineyo. Na humo humo imo ardhi yote iliyo baina ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa. Kwa hiyo Mto Nairobi unaopita kati ya Kangemi na Kawangware, na mchanga wa Bamburi tunaoukanyaga siku ya Idd, vimelindwa na kifungu kimoja. Anayechukua ukingo wa mto Riruta na anayezungushia ua mchanga wa Nyali wamevunja sheria ile ile.

Wanazuoni wetu wa fiqhi walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya katiba zetu. Waliita *harim* lile eneo linalozunguka kisima, mto au njia, ambalo hakuna mtu anayeruhusiwa kulimiliki peke yake, kwa kuwa bila hilo maji hayafikiki. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, alituonya dhidi ya kuchafua njia, vivuli na mahali pa maji, na onyo lake juu ya mwenye kudhulumu shubiri ya ardhi sote tunalijua. Kuondoa cha kuudhi njiani amekuhesabu kuwa ni katika imani. Tuangalie basi: njia, kivuli, maji. Ndiyo bustani na ndio ufuo.

Sisi wa pwani tumeruzukiwa. Tuna Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, ambako siku ya Idd watoto huelea juu ya maboya ya tyubu na akina mama huingia majini na maleso yao. Tuna bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2019, na mibuyu yake ya kale. Lakini kutoka Nyali hadi Shanzu, ni vichochoro vingapi vya kuteremkia baharini ambavyo wazee wetu walivipita na leo vina lango na mlinzi? Mchanga bado ni wa umma, na maji bado ni ya umma. Kilichochukuliwa ni hatua mia mbili za kuvifikia. Mvuvi hupoteza njia ya kupitishia samaki wake, na mama hupoteza mahali penye faragha alipozoea kuoga na binti zake kabla ya jua kupanda. Tusiseme kuwa Riruta ni mbali. Riruta ni mji uliokwisha kufungwa vichochoro vyake vyote.

YANAYOTUPASA

Kwanza, tuvitumie vya wazi tulivyo navyo. Mahali pasipokaliwa na watu wema hukaliwa na wengine, kisha huonekana hapana mwenyewe. Familia na itenge alasiri moja ya wiki. Akina mama na waende kwa makundi, kwa stara yao na maleso yao.

Pili, tusiondoke na kuacha taka. Bwawa la Nairobi limetufundisha kuwa uchafu hufunga mahali kama ukuta unavyofunga.

Tatu, tujue pa kudai. Katiba imewapa serikali za kaunti kazi ya kusimamia bustani, fuo na mahali pa burudani. Kila mwaka kaunti huwaita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti. Akina mama na wahudhurie, na watake mambo yanayotajika: taa, choo safi, benchi penye kivuli, mahali pa kutawadha, na saa au upande uliotengwa kwa ajili ya wanawake na watoto.

Nne, kila mtaa uandike vichochoro vyake. Wazee wangali hai wanaojua njia ilipita wapi na nani walipita. Kijana akae nao, aandike, achore, kisha nakala ipelekwe kwa chifu na ofisi ya ardhi ya kaunti. Ushahidi wa mzee huzikwa pamoja naye.

Tano, mwenye uwezo na amkumbuke Jeevanjee. Wakfu si msikiti na madrasa tu. Kipande kidogo cha ardhi chenye mwarobaini, bomba la maji na benchi tatu, kikiwekwa wakfu kwa ajili ya mama na watoto katika mtaa kama Riruta, kitamwombea mwenyewe kila mtoto atakapocheka juu yake.

Tunawaombea ndugu zetu wa Riruta, Kawangware na Kibera wasaa katika makazi yao na wasaa katika vifua vyao. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wa amana aliyotupa, tuwaachie watoto wetu bahari wanayoweza kuifikia kwa miguu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.