Hapana Isihesabiwe Ndiyo



Mtoto wa ndugu yetu anaolewa Singida, na sisi ndio tuliopewa kazi ya kutengeneza fomu ya wageni ya kwenye simu. Kutoka Unguja ni boti hadi Dar es Salaam, kisha basi kupitia Morogoro na Dodoma. Hakuna anayetaka kuchinja kuku kwa ajili ya wageni hewa, wala kumkosesha chakula aliyesafiri masafa yote hayo.

Fomu inauliza: "Utakuja?" Mgeni anaandika jibu lake. Nyuma yake inafanya kazi JavaScript, lugha ya programu iliyotoka mwaka 1995. Ukiiambia igeuze jibu liwe buliani, yaani kweli au si kweli basi, haisomi maana. Inaangalia tu kama pana kitu. Pahala palipoachwa patupu ni si kweli. Namba sifuri pia si kweli. Lakini neno "hapana" lina herufi, kwa hiyo linahesabiwa kweli! Hata 0 ikiandikwa kwenye fomu huingia kama maandishi, nayo ikawa kweli. Shangazi kaomba radhi kwamba hawezi kuja, programu inamwekea sahani. Dawa yake ni kulilinganisha jibu na neno "ndiyo" lenyewe, na asiyejibu tunampigia simu.

Bi harusi naye ataulizwa ndiyo au hapana, na dini yetu haikuacha jibu lake lihesabiwe ovyo. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba bikira aombwe idhini, na kimya chake ni idhini kwa sababu ya haya yake, aliyekwisha kuolewa aseme mwenyewe. Khansa bint Khidam alipolalamika kuwa baba yake amemwoza naye hataki, Mtume aliivunja ndoa ile. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika huko Bara, nayo inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili.

Kimya, basi, ni idhini kwa aliyeulizwa kweli. Kimya cha haya si kimya cha hofu, na anayemjua binti hukitambua. Mama, kungwi, shangazi: kaeni naye faragha kabla ya nikaha, muulizeni kwa upole, msubirini ajibu. Akisema hapana, isigeuzwe ndiyo kwa sababu kuku wameshanunuliwa.

Allah azijaalie ndoa zenu mapenzi na huruma. Amin.