Kozi wa Mnara wa Derby

Katikati ya mji wa Derby, Uingereza, umesimama mnara wa kale wa kanisa kuu, wenye kimo cha takriban mita 65. Mwaka 2006 uliwekewa jukwaa la kutagia kozi, ndege ambaye hakuna kiumbe ampitaye kwa kasi anaposhukia windo. Mwaka uliofuata zikafungwa kamera, na watu wa nchi mbalimbali wakaweza kutazama kwa intaneti mayai yakianguliwa na makinda yakilishwa.

Je, kukitangaza kiota si kumwita mwizi? Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2010, katika uwanja wa ndege wa Birmingham, alikamatwa msafiri wa kwenda Dubai akiwa amejifunga mwilini mayai 14 ya kozi, yaliyoibwa katika majabali ya Wales. Aliyemtilia shaka kwanza alikuwa mhudumu wa usafi.

Lakini tofauti ipo. Jabali halina mlinzi. Mnara una mlango wenye kufuli na macho ya mji mzima. Kijulikanacho na wengi hulindwa na wengi, maadamu mkono haukifikii. Basi kiota cha mnarani na kionyeshwe, cha jabalini kisitiriwe.

Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru makinda yarudishwe kwa mama yao aliyekuwa akihangaika. Nasi, kabla ya kusambaza picha ya kiota, tujiulize: mkono wa nani utakifikia?